Goli la Baba Lilipokwama Majini

Jumamosi, Magharibi imeshapita. Kariakoo leo ilikuwa na joto la kunata, lile la mvua inayotishia halafu hainyeshi. Nimerudi nyumbani, nimevua jezi, lakini vidole bado vinanukia bizari. Naandika ili nitulie.

Leo ilikuwa siku ya tawi letu. Tumetimiza mwaka mwingine tangu wazee wetu walipopandisha bendera ya klabu kwenye kona hii, hatua chache kutoka dukani kwangu ninakouza mapazia. Wale wazee waliolianzisha tawi wamekwenda mmoja mmoja. Amebaki baba yangu peke yake, Mzee Sele. Na baba anaumwa.

Anasahau.

Sisemi kusahau miwani. Wiki hii nilimkuta alfajiri kakaa mlangoni, kavaa jezi na kofia, ananigombeza kwamba nachelewa na timu inaingia uwanjani. Hakukuwa na mechi. Kuna siku aliniita kwa jina la marehemu mama, nikaitika, maana kumsahihisha kunamtia hofu tu. Daktari alitueleza ugonjwa huo baba mwenyewe akiwepo. Alisikiliza mpaka mwisho. Tulipotoka nje akanishika mkono na kuniambia jambo moja tu: mradi watani wasijue.

Watani wetu ni mashabiki wa klabu ya pili. Tawi lao liko ng'ambo ya barabara, benchi lao linatazamana na letu, na kinara wao wa mdomo ni Mzee Chande, fundi cherehani, ambaye ametupiana maneno na baba tangu kabla sijazaliwa. Siku ya tawi letu hatuli bila wao. Tunawaalika rasmi, tunawakalisha kwenye kona yao, tunawapakulia ukoko wakati sisi tunakula pilau laini, na wao wanatulipa kwa kuzomea kila anayesimama kuzungumza. Mgeni akipita anadhani kuna ugomvi. Sisi mwaka ambao watani wamezomea kidogo tunasema sherehe ilipooza.

Sasa, kilele cha siku ni baba. Baada ya dua na kupandisha bendera, yeye husimama na kusimulia goli la mvua. Ni mechi aliyoitazama ujanani, dhidi ya haohao watani, uwanja umejaa maji. Winga wetu alipiga mpira, kipa wao akaruka kuufuata, mpira ukakwama kwenye dimbwi karibu na mstari. Watu wote wakadhani umetoka. Winga akarudi mbio, akauchokoa kwa kisigino, ukaingia. Katika kushangilia baba akapoteza kiatu kimoja, akavuka matope ya Jangwani mpaka kwao Magomeni na kiatu kilichobaki. Hadithi hii kila mtu pale anaijua. Wanakuja kuisikia hivyohivyo.

Nakiri hapa, kwa kuwa sijakiri kwa mtu: nilitaka kumfungia ndani leo. Nilishapanga hadi uongo, kwamba ana homa. Lakini katibu wetu, Massawe, Mchaga wa duka la spea, alinipitia mapema na furaha yake yote, akasema bila Mzee Sele hiyo si siku ya tawi, ni kikao cha michango. Nikamwangalia baba, anapiga kofia yake brashi. Sikuweza.

Na watu wakijua? Nilijua watakachofanya, na hicho ndicho kilichokuwa kikininyima usingizi. Watamheshimu. Watamletea kiti chenye mto, watamsemesha polepole kama mtoto, na hakuna atakayemuuliza tena nani aanze namba tisa. Baba ataketi palepale kwenye benchi lake akiwa hayupo. Kwake yeye huko ndiko kufa.

Basi kila jioni baada ya kula tulikuwa tunaifanyia mazoezi hadithi. Siku nyingine ilitoka yote, siku nyingine ilikatika njiani. Tukapatana ishara. Akikwama aniangalie, mimi nitagusa kiatu changu, kiatu kimkumbushe goli. Tulicheka sana tulipopatana hivyo. Mimi nilicheka kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Leo nilisimama mstari wa mbele, mbele kabisa, mpaka mama mmoja akaniuliza kama nami nahutubia. Massawe akamkabidhi baba maiki. Watani wakaanza kelele zao kama kawaida. Baba akaanza vizuri. Mvua, maji, winga, shuti. Sauti yake ilikuwa ileile. Nikaanza kupumua.

"Mpira ukasimama kwenye maji," akasema.

Na yeye akasimama hapohapo.

Mwanzo watu walitabasamu. Walidhani ni ufundi wake wa kuwaweka roho juu. Baba akasema tena, mpira ukasimama. Akageuza macho kunitafuta, akanipata, nami nikainama nikashika kiatu. Akanitazama. Sijui alimwona nani, lakini hakuniona mimi. Nikakishika tena, nikakigonga kabisa. Tabasamu za watu zikaanza kupungua. Hata watani walinyamaza, na watani hawanyamazagi. Massawe akanyanyua mikono ili apige makofi, kumwokoa, na mimi nikajua makofi hayo yakianza ndiyo mwisho, kila mtu atakuwa amejua. Mguu wangu ulikuwa umeshaanza kwenda kumchukua.

"Sele! Kaa chini bwana! Goli lenyewe la kuotea!"

Ilitoka kwenye kona ya ukoko. Mzee Chande amesimama, sahani mkononi, mdomo umejaa.

Sijui nieleze vipi sura ya baba. Ilirudi. Mabega yakapanda, kidole kikanyanyuka.

"La kuotea? Chande, wewe si ulikuwa nyuma ya goli unalia kama mjane! Mpira umesimama kwenye maji, kipa wenu amelala kifudifudi anameza tope, kijana wetu karudi, kisigino! Kuotea kuko wapi hapo? Otea ukoko huo!"

Watu wakalipuka. Chande akazidi kumchokoza: mshika kibendera alilishwa nini, kiatu kilipotea au kiliuzwa. Kila swali la matusi baba alilijibu, na kila jibu lilikuwa kipande cha hadithi. Kisigino, wavu, kiatu, Jangwani, Magomeni. Ikaisha yote, mpaka mwisho, kwa kelele ambazo sijazisikia miaka mingi. Massawe alikuwa anafuta machozi ya kicheko. Mimi yangu hayakuwa ya kicheko.

Baadaye, tulipokuwa tunaosha masufuria, nilimfuata Mzee Chande. Nilimwamkia, akaitikia marahaba huku bado anabandua ukoko. Nilitaka kusema asante lakini ningesemaje bila kufichua siri ya baba? Nikaanza kusugua sufuria mkononi. Akaniokoa na mimi pia.

"Najua, mwanangu. Muda sasa."

Nikamuuliza amejuaje. Akaweka sahani chini.

"Baba yako tangu tujuane hajawahi kunisalimia. Ananitukana kwanza, habari za nyumbani zinafuata. Siku moja kapita pale kwenye cherehani yangu, kasimama, kaniambia, habari za asubuhi, bwana. Bwana! Kwa adabu kabisa. Kaondoka. Nilishindwa kushona siku ile."

Hakumwambia mtu, hata watani wenzake. Kila akiona baba amekaa pale benchi macho yako mbali, anapiga kelele kutoka ng'ambo, tusi lolote lile, mpaka baba amjibu. Nami dukani nilikuwa nasikia kelele hizo na kunung'unika kwamba wazee hawa hawana haya.

Halafu akanisogelea, akaangalia huku na huku kama mwizi.

"Na lile goli lilikuwa halali. Nilikuwa nyuma ya nyavu, nililiona kwa macho yangu. Ole wako umwambie."

Nimeahidi.

Baba amekaa sebuleni sasa hivi, kofia bado kichwani. Nilipomletea chai aliniuliza kama siku ya tawi ni wiki hii au ijayo. Nimemwambia imepita, ilikuwa leo, alihutubia vizuri mno. Akaitikia kwa kichwa kama anavyomwitikia mpangaji anayempa habari za majirani asiowajua. Iliniuma, sitadanganya. Mchana kutwa nimeshika roho mkononi kwa ajili ya siku ambayo yeye hanayo tena.

Ndipo nikajaribu. Nikamwambia, Chande bado anasema lilikuwa la kuotea.

Kikombe kikatua mezani. "Mpumbavu yule!" akasema, na akaanza kunisimulia upya, tangu mvua ilipoanza.

Nimemsikiliza hadi Magomeni. Mimi ni binti yake. Namwogesha, namlisha, najua dawa zake zote, na kiatu changu hakikumfikia. Aliyemfikia ni mtani wake.

Kesho asubuhi nitavuka barabara mpaka kwenye ile cherehani. Nitamwamkia Mzee Chande kwa heshima zote, kisha nitamwomba jambo ambalo sijapata kusikia binti akimwomba mtu: aje nyumbani amtukane baba yangu. Kila siku, kama miguu yake itamruhusu.