Kwa Kiboko Wetu Aliyesubiri Mlangoni

Marehemu Mzee Anyelwisye Mwaisumo, Ngana, Kyela

Mwaka umezunguka, baba, tangu utuache Jumanne ile ya mvua. Watoto wako wamesema safari hii niandike mimi, Tusekile, mkamwana wako. Jina lako hapo juu ameliandika mume wangu, Wilson. Mimi sijawahi kulitamka, na sianzi leo.

Watu wa kwetu wanajua: mkamwana hakutani na baba mkwe. Nikisikia kikohozi chako uani, napitia nyuma ya migomba. Miaka tisa nilikupikia wali na samaki mbasa bila kukuona ukila. Sahani zilirudi jikoni tupu, pamoja na salamu: "Mwambieni mama Asifiwe, ndaga fijo." Hukuwahi kula bila kushukuru. Kokoa yako uliianika mwenyewe, na mtoto yeyote akipita hapo lazima aondoke na ndizi.

Lakini tangu mama, mkeo, atangulie, mchana tulibaki wawili tu nyumbani, na mimi nilikuwa na hofu moja: siku ukizidiwa, nani atakushika?

Halafu Wilson, anayeshughulika na malori pale mpakani Kasumulu, akamletea binti yetu Asifiwe mashine ya gemu. Lilikuwa gemu la vikaragosi vya sinema za katuni, kiboko na bata, la kucheza wawili kwa kusaidiana. Hakuna kupigana, na mmoja akibaki nyuma, mwenzake haendi popote. Asifiwe akiwa shule, rimoti zilikaa bure. Mguu wako ulishaanza kukusumbua, shamba huendi. Siku moja ukasema kwa sauti, kama unaongea na ukuta: "Kiboko peke yake hafiki. Na bata yupo hapa, hana mtu."

Nikaelewa. Nikakaa koridoni nyuma ya pazia, nyuma kabisa ya kiti chako, runinga naiona kupitia upenyo. Hukugeuka hata mara moja.

Jamani, tulikwama! Kulikuwa na mlango usiofunguka mpaka wote wawili wasimame juu ya jiwe moja. Kila kiboko wako akisogea, bata wangu anatimua mbio. Sikutaka, vidole vyenyewe vilikataa. Wiki nzima wewe umesimama kwenye jiwe unasubiri, mimi nipo vichakani. Asifiwe alitucheka mpaka machozi.

Ndipo ukanisemesha mimi mwenyewe, kwa mara ya kwanza: "Mwanangu, kiboko na bata hawana ukwe. Njoo usimame hapa."

Nikasimama. Mlango ukafunguka, nawe ukapiga makofi kama mtoto. Tangu hapo tulifungua milango mingi, baba, kila siku baada ya chakula cha mchana.

Nilichokiogopa kikaja mwezi Machi. Ulianguka sebuleni, Wilson yuko Kasumulu, majirani wako kwenye mpunga. Nilishika pazia, mbele siendi, nyuma sirudi. Ukasema kwa taabu, "Njoo usimame hapa, mwanangu."

Nikapita. Nikakuinua, nikakunywesha maji, na nikakuuguza siku kumi na moja kwa mikono yangu hii, hadi Jumanne ile. Nikauona uso wako, kumbe Wilson amelichukua tabasamu lako lote! Ungenyamaza siku ile, heshima ingebaki, na mimi ningebaki na majuto hadi kaburini. Ndaga fijo, tata. Nakushukuru mbele ya watu wote.

Asifiwe sasa ndiye kiboko. Ana haraka, hana subira yako, lakini anajifunza. Pazia la koridoni nimelitoa, nikashona foronya.

Unakumbukwa na wanao Wilson, Veronika na Jubilate, mjukuu wako Asifiwe, ndugu zako wa Ngana na Ndandalo, na mimi, bata wako. Hakuna siku itakayopita bila sisi kukuwaza.

Usiondoke mlangoni, baba. Tutakuja tusimame hapo.