Mate Yaliyomo Kwenye Kichupa cha Babu

Karakana ya Kufuli,
Nyuma ya duka la rangi,
Jumanne, tarehe 9.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. U hali gani huko uliko? Kile kikohozi ulichokuwa unakohoa kwenye simu kama pikipiki inayogoma kuwaka, kimekwisha? Mumeo hajambo? Na yule mtoto anayefanana na mimi, bahati yake, ameshaota meno?

Sisi huku tu wazima wa mwili. Mimi hasa nimezidi kuwa mzuri tangu uondoke, na mwaka huu hakuna kufuli lililonishinda. Juzi mwalimu mkuu alifungia funguo zake ofisini, nikamfungulia kwa dakika tatu. Ni yuleyule aliyesema sitafika popote nilipoacha shule kidato cha pili. Nikamwambia, "Mwalimu, angalau nimefika ofisini kwako."

Lakini Shangazi, naogopa. Nimeanza na mzaha kwa kuwa ndivyo mkono wangu ulivyozoea. Sasa kaa chini usome, na usikimbilie simu. Unamjua Babu, anaweka sauti kubwa mpaka fundi viatu wa ng'ambo ya barabara anakuitikia salamu. Ndiyo maana naandika. Dereva wa lori la vioo atakukabidhi barua hii mkononi keshokutwa, Alhamisi.

Mwezi uliopita walikuja watu wa chuo kikuu. Mkubwa wao ni dada mmoja mwembamba mwenye miwani, tunamwita Dada wa Maabara. Wanatafuta asili za watu: wazee wetu walitoka wapi, walipita njia gani, wakachanganyika na nani humo njiani. Wanayasoma hayo kwenye mate. Usicheke, mate kweli. Walisikia kwamba sisi mafundi kufuli tulitoka ng'ambo ya milima, vizazi kumi na viwili, baba kwa mwana, damu moja isiyoingiliwa na mtu. Unajua nani anayetangaza hayo. Harusini Babu anayataja majina yote kumi na mawili, msibani anayataja, hata akienda kununua mkate. Mimi niliyakariri kwa kofi moja kila jina nililosahau.

Basi walitaka mate ya Babu na ya kaka yake, baba yako mkubwa, ambaye sisi wajukuu tunamwita Bawaba kwa kuwa hakuna kikao ambacho halii. Bawaba akatema kifua mbele, kichupa kikakaribia kufurika. Babu yeye akaniita nyuma ya karakana, akaninyooshea kichupa chake.

"Tema wewe, Komeo."

"Mbona mimi, Babu?"

"Mate yangu yamekauka. Tema. Kwani wewe si wangu?"

Nikacheka, nikatema. Nilidhani ni uzee tu, nikamtania kwamba sasa hata mate anaazima.

Jumatano iliyopita Dada wa Maabara akaja karakana na ufunguo wa chumba chenye jokofu la vichupa, kwenye lile jengo la posta ya zamani. Alitaka nimchongee wa akiba. Nikamtania, hayo mate mnayasomaje, yana herufi? Akautazama ufunguo uliobanwa kwenye jiliwa, akaniuliza: ukichonga kutoka kwenye ufunguo wenye pengo dogo, itakuwaje? Nikasema pengo litahamia kwenye ule mpya. Na ukichonga wa tatu kutoka kwenye huo wa pili? Litahamia pia, na huenda tupa yangu ikaongeza pengo lake.

"Basi ndivyo watu walivyo," akasema.

Alisema kuna kipande cha urithi ambacho mwanamume hupewa na baba yake tu, na baba alipewa na babu, pengo kwa pengo. Ukilinganisha mapengo unajua nani kachongwa kutoka kwa nani. Ndugu wawili wa baba mmoja, mapengo yao lazima yafanane. Akaongeza kwamba hajawahi kuona ukoo usiochanganyika, kila mtu ana wapita njia ndani yake. Nikamwambia akamwambie Bawaba hilo, ila avae kofia ngumu kwanza. Akaniachia ufunguo, akasema ataufuata kesho yake.

Mimi nikaenda kwa Babu mbio na kichekesho changu. Babu, tumejisumbua bure! Mimi ni nakala yako, mate yangu yatamsoma wewe vilevile. Wachonga funguo wazima tumetaka kudanganya kufuli kwa nakala ya ufunguo uleule!

Shangazi, hakucheka. Aliweka tupa chini taratibu, akakaa juu ya kreti la vyuma chakavu, rangi imemtoka.

"Mimi sikuzaliwa humu," akasema. Alidhani mate yangu, mimi niliyezaliwa humu, yangemficha.

Mama yake alifika mwaka wa njaa, pamoja na kundi la watu waliokuwa wanapita na mizigo kichwani. Babu alikuwa mgongoni, hana hata jino. Fundi kufuli wa wakati ule, baba yake Bawaba, alikuwa amefiwa na mke, akamwoa yule mama na mtoto akamwita wake. Bawaba alikuwa na miaka miwili, hakumbuki kitu. Waliojua wote wamekufa. Nikamuuliza Babu wale watu walitoka wapi, wakaenda wapi. Akasema, "Najua walipita tu."

Kwa hiyo Babu hayumo katika wale kumi na wawili. Wewe humo. Mimi niliyekula makofi yote yale simo. Siku hizi nikijitazama kwenye kioo naikagua hii pua niliyokuwa naisifia kuwa ni ya mzee wa sita, nabaki kujiuliza ni ya nani.

Na majina si kitu, Shangazi, linalonikosesha raha ni makaburi. Unamkumbuka fundi mwashi, mtoto wa kambo wa binamu ya Babu na Bawaba, aliyelelewa humu tangu anatambaa? Alipofariki kikao cha ukoo kilikataa alazwe kwenye makaburi ya ukoo kwa kuwa si damu. Aliyepiga meza kuliko wote alikuwa Babu. Mimi nilidhani ule ni ukali, kumbe ilikuwa hofu. Sasa ile nafasi iliyo kando ya Bibi, mama yako, anayoipalilia kila Ijumaa, Bawaba na wanawe watamnyima kwa maneno yake mwenyewe. Na marehemu baba yangu ambaye tayari amelala mle? Watamwambia ahame?

Gari la kuchukua vichupa linakuja Jumatatu. Dada wa Maabara alisema kabla ya hapo mtu ana haki ya kujitoa. Nikamwambia Babu. Akasema akijitoa, Bawaba atauliza kwa nini, na jibu ni lilelile.

Sasa nisikie mimi. Kabla Dada hajaufuata ufunguo wake, nilichonga mwingine wa tatu, nikabaki nao. Unajua kiapo cha kwanza tunachokula hapa kabla ya kushika tupa, kwamba fundi habaki na ufunguo wa mtu. Nimekivunja. Uko mfukoni tangu Alhamisi, nausikia pajani kila ninapopiga hatua. Mtoto mkubwa wa kiume wa Bawaba hunywa soda hapa kila siku na kuacha chupa zenye mate ya kutosha ukoo mzima. Ningefungua, ningemwaga yangu, ningejaza yake. Dakika tatu.

Mara mbili nimefika kwenye mlango ule mchana kweupe na boksi langu la zana. Mlinzi ananiita fundi, ananisogezea kiti. Mara zote mbili niligeuka nikarudi, mimi, Komeo! Nilichoogopa ni kwamba mlango ungefunguka.

Ombi langu ni hili. Ukimaliza kusoma mpigie Babu, mwambie kwanza azime hiyo sauti kubwa. Mwambie wewe ni binti yake, na hukuzaliwa na majina kumi na mawili, ulizaliwa na yeye. Mwambie Jumapili aende kwenye kikao cha ukoo aseme kwa mdomo wake kabla mate hayajamsemea, na amtaje pia fundi mwashi. Mimi nikijaribu ananirushia kufuli, na shabaha yake unaijua. Wewe unamweza.

Ufunguo nimeukunja kwenye karatasi, umo humu. Utupe mahali pasipofikika. Usinirudishie hata nikikupigia nalia, na nitalia.

Nisalimie mumeo, na umbusu mtoto kwenye hiyo pua, yoyote itakayokuwa. Msalimie jirani yako mshonaji aliyesema nina sauti nzuri, mwambie bado ninayo. Fundi viatu anakusalimu sana. Mungu akufunike wewe na nyumba yako, na Jumapili akitazame na kikao chetu.

Ni mimi nikupendaye, mapengo yafanane yasifanane,
Komeo

Nimesahau: Babu ameingia nikiwa naikunja barua. Nimemwambia yote, na ufunguo nikamwonyesha. Nilishajikinga kichwa. Ameugeuza mkononi, amepapasa meno yake, akasema nimechonga safi kuliko yeye, mzee asiyewahi kumsifu mtu. Kisha akaurudisha ndani mwenyewe. Nilipotaka kuilamba bahasha akanishika mkono.

"Lete hapa," amesema. "Mate yamerudi."

Anasubiri nimalize mstari huu. Hajasema kama atakwenda Jumapili. Amesimama tu hapa, ulimi nje kama mtoto, na bahasha mkononi mwake.