Kapu la Mama Getruda

Mtani wangu Kasian,

Mimi mzima. Zamani ningeandika kwamba hofu na mashaka ni juu yako wewe uliye mbali. Ndivyo tulivyofundishwa kuandika barua kabla hatujaacha shule, wewe kwa kufukuzwa na mimi kwa kuona mbali. Lakini wewe sasa huna la kuhofiwa. Umelala chali, mvua ya masika inakunyeshea, na wala huamki kuanua mpunga. Hofu iko huku. Mashaka nayo yako huku, yamenikalia mimi. Ndiyo maana nakuandikia, ujue yanayotendeka nyumbani kwako, maana hakuna mwingine atakayekwambia kweli.

Tulikuzika watu wakivuna, na sasa mpunga mwingine umeinama. Vyama vya siasa vimekuwa vingi. Hata yule mlevi wa kilabuni ana bendera yake. Jogoo wako mkorofi tulimla kwenye matanga yako, alikuwa mgumu kama mwenyewe. Habari nyingine ndogondogo nitakupa tukionana.

Siku ile ya kukuzika nilivaa koti lako, nikachechemea kama wewe, nikasimama mbele ya kaburi na kusema hashuki mtu hapa mpaka Wangoni watoe kuku. Watu walicheka huku wanalia. Mkeo naye alicheka, nilimwona. Akafuta macho kwa pindo la khanga, akasema, "Mtani, we mshenzi." Ndiyo kazi ya mtani. Hata wewe, siku namzika mke wangu, si uliingia kaburini ukalala, ukasema nafasi hiyo umeiwahi tangu jana? Nilicheka, nikajichukia, na baadaye nikakushukuru kimoyomoyo. Sikukwambia, ungeringa.

Na mkeo, unajua mwenyewe, nimemwita "mke wangu" tangu siku ulipomleta kutoka Songea na sanduku lake la bati. Nilimwambia mbele yako, "Mke wangu, pole na safari. Huyu mpagazi wako wa Kingoni mpe maji aende zake." Ulicheka mpaka ukapaliwa. Mtaa mzima unajua. Watoto wako wamekua wakinisikia nikisema hivyo na wewe ukinitukana, ndipo wanajua kuwa nyumba ina amani.

Sasa sikiliza.

Jumatatu ya Pasaka tulikwenda kijiji cha Mbingu kwa rafiki yetu Alois, kama kila mwaka, kula pepeta ya mpunga wa kwanza. Barabara ni uji mtupu, kwa hiyo treni. Nafika kituoni, namkuta nani? Damas. Yule fundi cherehani wa nyuma ya soko, mgane, anayetembea kwenye tope la masika na soksi nyeupe. Soksi nyeupe, Kasian! Mtu anayevaa soksi nyeupe Ifakara mwezi wa nne ana jambo. Na mkononi kashika nini? Kapu la mkeo. Lile lile la ukindu lenye vipini vyekundu, lenye birika na sukari na vikombe vilivyoviringishwa ndani ya khanga, ambalo wewe ulilibeba kila Pasaka ukilalamika kama umebebeshwa msalaba.

Nilimwangalia tu.

Treni ilipofika alitangulia kupanda, akamshikia mkeo nafasi ya dirishani. Nani alimwambia kuwa anapenda dirishani? Mimi nikataka kukaa karibu naye, Damas akajipanua. Nikahamia benchi la mbele yao, Damas akanyoosha miguu. Nikatoa karanga nimpe mkeo, zikapitia kwanza kwenye kiganja cha Damas, akazitazama kama askari wa forodha. Basi nikasema kwa sauti, kama tulivyozoea, "Mke wangu, huyu mchukuzi umemwajiri lini?"

Hakucheka mtu. Getruda, binti yako mkubwa, aligeukia nje kama ambaye hajawahi kuona shamba la mpunga. Mkeo akatazama mikono yake. Utani usiochekwa, ndugu yangu, ni kama ushuzi ndani ya behewa: unabaki hewani, na kila mtu anajua umetoka kwa nani.

Nikajiambia, tayari. Hata mwaka haujaisha wamemtafutia mama yao mume, tena wa soksi, na mimi mtani sikushirikishwa. Nikaapa kumchunguza yule mtu mpaka tufike.

Kwa Alois kinu kilikuwa tayari kivulini, na mpunga unakaangwa, bado mbichi, harufu yake ile unayoijua. Unakumbuka Jumatatu ya Pasaka kazi ile ilikuwa yetu mimi na wewe, wanawake wakikaa mkekani kutuzomea? Wewe unashusha mchi, mimi napandisha, na matusi juu. Safari hii nilishika mchi wangu, wa pili ukabaki umelala juu ya kinu. Niliutazama. Sijui niliutazama kwa muda gani. Damas akaja, akavua viatu, soksi hakuvua, akauchukua.

Tukaanza. Nikishusha naye anashusha. Michi ikagongana, pepeta ikaruka, kuku wa Alois wakafanya Pasaka yao. Nikamwambia, "Wewe hujui kupokezana." Akajibu kwa upole wa watu wa cherehani, "Mzee mwenzangu, ni wewe unayewahi." Nilitamani nimtwange yeye.

Nikaacha mchi, nikaenda kijitoni kunawa. Getruda akanifuata. Ana uso wako yule mtoto, maskini, lakini ana akili za mama yake.

"Baba Mdogo," akasema, "usimchukie Mzee Damas. Sisi ndio tuliomwomba aje."

"Najua. Mnamwozesha mama yenu."

"Mzee Damas ana mchumba wake Kiberege. Ndiyo hizo soksi." Akachezea maji kwa mguu. "Tulimwomba akae karibu na mama ili wewe usikae."

Nikamwambia arudie. Akarudia.

"Baba alipokuwepo tulikuwa tunacheka. Sasa unakuja jioni, unakaa kwenye kigoda chake, unasema mke wangu, na hakuna wa kukujibu. Majirani wanatuuliza. Sisi wenyewe hatujui tucheke au tufanye nini. Nisamehe, Baba Mdogo. Kama una nia, sema. Kama huna, acha."

Umeona? Nimetoka Ifakara namlinda mkeo na Damas, kumbe Damas kawekwa mlinzi, na mwizi ni mimi! Nilitafuta hasira ya kumjibu yule mtoto. Nikaipata kidogo, haikufika hata kooni. Kwa sababu kigoda chako kweli nilikuwa nakikalia. Nilikuwa nakuja jioni kwa kuwa nyumbani kwangu hakuna wa kumtukana. Na swali la nia, Kasian, sikuwahi kujiuliza ulipokuwa hai, kwa vile ulikuwa hai. Mimi narusha neno, wewe unalidaka na kunirudishia limetiwa pilipili, limekwisha. Sasa nikirusha, linakwenda kuanguka miguuni pa mama wa watu.

Nilirudi mkekani nikamwita shemeji. "Shemeji, naomba chai. Ahsante, shemeji." Lilinikwama kama mwiba wa samaki. Mkeo alinitazama kama anayemtazama mgonjwa wa homa, akanimiminia, akanitazama tena. Pepeta ilikuwa tamu, sikuimaliza. Moyoni nilikwisha kata shauri: Pasaka ijayo siendi. Nitasema mguu unauma. Watoto wako watapumzika, majirani watatafuta mwingine wa kumsema, na safari zetu za nyumba mbili ziishie hapo. Njia nzima ya kurudi nilikaa mwisho wa behewa na mabegi. Damas akanionea huruma, akaniletea ndizi. Ndizi nilikula, huruma nilimwachia mwenyewe.

Tukashuka Ifakara, tope mpaka kwenye vifundo. Damas akainama kubeba kapu.

"Damas, weka chini hilo kapu," mkeo akasema.

"Mama," Getruda akaanza.

"Mama nini? Tangu asubuhi nimenyamaza, naona mnavyonichunga kama mbuzi wa mnada. Huyu ananiita mke wangu tangu wewe hujazaliwa. Leo nimeitwa shemeji mchana kutwa! Baba yenu akisikia atafufuka kwa aibu, na Pasaka yenyewe ndiyo hii." Kisha akanigeukia mimi, mikono kiunoni, pale mbele ya abiria wote. "Na wewe, mume wangu wa uongo, beba kapu twende. Giza linaingia."

Wa kwanza kucheka alikuwa Getruda, alijiziba mdomo ikashindikana. Wakafuata wengine. Damas naye alicheka, soksi zake zimeshakuwa rangi ya bonde letu. Mimi nilibeba kapu. Ni zito kweli, nakuomba radhi, miaka yote nilidhani ulikuwa unadeka. Mkeo alitangulia kashika ndala mkononi, mimi nikafuata nyayo zake kwenye tope.

Sasa, mtani, ningeweza kuishia hapo ukalala vizuri. Lakini mimi na wewe hatujawahi kudanganyana nje ya utani. Kuna jambo linanisumbua. Lile neno "wa uongo" alilitamka taratibu kuliko mengine. Yale mengine yote aliyapiga kelele. Hilo moja alilishusha. Huenda ni uchovu. Huenda ni pumzi ya mtu aliyetembea kwenye tope. Lakini alikuwa amesimama, Kasian. Alikuwa amesimama kabisa.

Basi nakuahidi hivi. Kila Pasaka, maadamu nina mabega, kapu nitalifikisha mlangoni pako, nitaliweka kizingitini, na nitarudi kwangu. Kigoda chako sikikalii tena. Nikija jioni nakaa kwenye gogo la uani, pagumu, ufurahi. Mke wangu nitamwita mchana, mbele ya watoto, pawe na wa kucheka na wa kunitukana. Nimemwambia Getruda ajifunze kutukana, anaanza kuweza. Tukibaki wawili, nitafunga mdomo.

Ila siku akinikaribisha ndani yeye mwenyewe, hapo sijaahidi kitu. Hapo itabidi uje wewe ukatae. Na ukija, njoo na kuku wetu. Wangoni bado hamjatoa.

Lala, mtani. Usigeukegeuke.

Ni mimi, Mpogoro wako