Lutuku ya nkambo Berthe

Tina, uko? Balinifukuza ku kilio. Ku kilio ya nkambo yangu mwenyewe, mama ya mama yangu!

Tonton Elie, mutoto ya nkambo, ule pasta wetu, alikamata mikro ya kusemea, aeleze maisha ya nkambo Berthe. Anasema: "Mama aliishi na maombi. Maombi na kuuzisha mikate."

Mikate! Tina, mikate gani? Mutaa yote ya Kamatanda inajua harufu ya nyumba ya nkambo!

Miye nikasimama. Nikasema: "Tonton, nkambo alikuwa anapika lutuku, ile pombe kali ya kukatazwa. Bapolisi bakikuja kutafuta pombe, anaficha mabidon chini ya kitanda, analala juu, analalamika kama mwanamuke wa kuzaa. Hata kisha kuzeeka! Na feza ya ile lutuku njo ilikusomesha weye mpaka ukakuwa pasta."

Bamama bazee bote bakapiga vigelegele. Vigelegele, ku kilio!

Njo pale tonton akasema banifukuze. Sasa anasema dimanche, siku ya ibada, niombe pardon mbele ya kanisa.

Nitaenda, Tina. Nitavaa kikwembe ya nkambo ya kupikia lutuku, ile ingali inanuka, na nitakaa mbele kabisa, karibu na mikro.