Kibao Namba Kumi na Nne

Jumanne, 4 Machi

Mhariri anataka ukurasa wa wiki ijayo uwe wa makumbusho. Tena! "Tembea na Watoto" itageuka "Jifungie na Watoto". Lakini sawa, mvua ya wiki tatu, utawapeleka wapi watoto wa watu? Nimemwambia safari hii nina kitu cha maana. Maonyesho mapya, Mikono ya Mama Zetu, yanafunguliwa Jumamosi ya tarehe 15. Vitu vya nyumbani na vya kazi, na vyote ruhusa kugusa. Hakuna kioo. Hakuna mlinzi wa kukukoholea ukinyoosha kidole.

Sijamwambia kwamba vibao vya watoto nimeviandika mimi. Ishirini na viwili! Mhifadhi wa makumbusho alinipa fomu tu, bila picha, bila majina ya waliotoa vitu. Namba, aina ya kitu, historia yake, basi. Kila kibao maneno yasizidi arobaini, na kinawekwa usawa wa kitovu cha mtoto wa miaka sita. Vyote nimevianza kama ninavyoanza ukurasa wangu: "Njoo karibu, usiogope." Maneno ya Mama hayo. Alikuwa akiwaambia watoto waliokuja kupimwa sare za shule. Wengine waliuogopa ule utepe wa kupimia kama sindano ya daktari.

Mama ameuliza tena habari za cherehani yake. Mwezi wa tano huu tangu Kaka aje kuibeba hapa kwangu aipeleke kwa fundi. Kaka anasema kipuri kimeadimika. Fundi gani huyo? Anakichonga kwa jiwe? Mama haoni tena ila mwanga na kivuli, na hana wa kumshonea. Anataka tu aketi akanyage, asikie mlio. "Mguu wangu umezoea," anasema. Nimemwahidi nitamfuatilia Kaka.

Jumamosi, 8 Machi

Sijui nianzie wapi.

Nianze na kazi. Kanuni yangu ni ile ile, siandiki mahali ambapo wanangu hawajapapima. Mhifadhi alituruhusu kuingia wiki moja kabla. Kifungua ana miaka kumi, anasoma kila kilichoandikwa. Kitinda ana sita, anapanda kila kinachopandika. Vyoo: safi, maji yapo, lakini viko ghorofani. Benchi: nne. "Nina njaa" ya kwanza: dakika ya arobaini na moja! Rekodi. Nilikuwa nimeshaandika yote hayo, nafurahi peke yangu.

Halafu Kitinda akatambaa chini ya namba 14.

"Mama! Huku chini kuna jogoo!"

Nikasema toka huko. Akasema, jogoo mwenyewe ana miguu mitatu.

Nilipiga magoti na sketi yangu ya kazini. Nikaingiza kichwa. Jogoo yupo, amekwaruzwa kwa msumari kwenye ubao, miguu mitatu. Nilikuwa na miaka saba nilipomchora, na mguu wa tatu ulikuwa mkia ulioharibika. Siku ile Kaka alisema "nimechora mimi", akala rula ya mbao kwa niaba yangu. Baadaye Mama alicheka, akasema hakudanganyika hata kidogo, mkono wa nani anaujua.

Cherehani ya Mama! Kipuri hakijaadimika. Hakuna kipuri. Hakuna fundi!

Nikasimama nikasoma kibao. Kibao changu mwenyewe:

"Njoo karibu, usiogope. Bibi mmoja, ambaye leo ni mwenyekiti wa chama cha akina mama, alianza maisha kwa kushona sare za shule kwa cherehani hii. Weka mguu hapa. Kanyaga polepole. Unasikia? Huu ndio mlio uliowasomesha watoto wake."

Vyama vya akina mama mjini ni tele, na fomu haikusema kipi; kumbe mwenyekiti huyu ni mkwe wa Kaka. Mama yake wifi! Mtu ambaye hata kifungo cha blauzi yake hushonewa. Na ile sentensi ya mwisho niliipenda. Niliisoma kwa sauti jikoni, nikajipongeza, nikajimiminia chai.

Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema. Sisi tumelelewa na nguo, tungepaswa kujua.

Jumapili, 9 Machi

Nimekwenda kwa Kaka. Wifi kaleta soda, kaweka, kaketi. Nikasema ningependa kuongea na ndugu yangu. Akasema hapa hakuna siri. Kumbe!

Hakukana. Hilo ndilo limeniuma kuliko yote, hakuhangaika hata kukana. Eti makumbusho yalitaka kitu cha mwenyekiti, cherehani ya mwenyekiti ilishakwenda kwa wauza vyuma chakavu zamani, na heshima ya mkwe ni heshima yetu sote. Eti ni miezi mitatu tu, kisha inarudi.

Nikamuuliza: na Mama?

"Ni chuma tu, mdogo wangu. Na Mama haoni. Atashona nini?"

Nilitaka kumrushia ile soda. Nikaishika tu chupa mpaka vidole vikafa ganzi. Nilimwambia kibao kile nimekiandika mimi, bila kujua. Nilimkumbusha mlio ule. Tulilala nao, tukaamka nao, ukatulipia ada sisi wawili. Akatazama sakafu. Kidogo nilimwona kaka yangu wa zamani, yule wa rula. Akasema haya, basi, atakwenda kusaini kibao kibadilishwe. Na atamwambia Mama yeye mwenyewe, kabla ya Jumamosi. "Niachie mimi. Usimwambie wewe, presha itampanda. Ni mama yangu pia."

Nimemwachia. Nikiwa mkweli, na hapa hakuna wa kunisoma, nimemwachia kwa sababu naona aibu. Ningemwambiaje Mama kwamba lile tangazo la uongo nimelitia chumvi mimi?

Jumanne, 11 Machi

Mhifadhi anasema hawezi kubadili hata nukta bila saini ya mtoaji. Mtoaji ni Kaka. Kaka hajafika. Simu yake: "Niko kikaoni." Mara nne! Vikao vyote hivyo, angekuwa ameshaokoa nchi.

Alhamisi, 13 Machi

Ukurasa umetoka. Ningeuzuia, lakini ulishakwenda mtamboni jana mchana, nami sikuwa na sababu ya kumwambia Mhariri. Ningemwambia nini? Nimegombana na cherehani?

Kifungua kamsomea bibi yake kama kila Alhamisi. Sauti ya mtangazaji, kidole kwenye mstari. Alipofika "vitu vyote ruhusa kugusa", Mama akaweka kikombe chini. "Hata mimi? Basi nipelekeni. Makumbusho ya macho nimeshindwa, haya ya vidole nitayaweza."

Sijapata kumsikia akiomba kupelekwa mahali. Nikampigia Kaka pale pale. Safari hii kapokea. Kasema mambo yote tayari, kasaini leo asubuhi, na kesho atapita kwa Mama. Nikasema tutakwenda Jumamosi. Akasema ah, Jumamosi kuna hotuba na msongamano, mpelekeni wiki ijayo. Nikasema tutaona.

Kesho nina kazi mpaka saa kumi. Nimemwomba Kifungua asimwache bibi yake peke yake baada ya shule.

Ijumaa, 14 Machi

Kaka amekuja! Kifungua anasema alifika saa saba, wakajifungia chumbani na Mama, na Bibi alipaza sauti mara moja. Kisha Kaka akatoka haraka bila kunywa hata maji.

Nimemkuta Mama ameketi kitandani, mikono mapajani.

"Kaka amekuambia?"

"Ameniambia."

"Umeudhika?"

Akasema mtu haudhiki na aliyemzaa, anashangaa tu. Nikamuuliza kama bado anataka kwenda kesho. "Nataka. Nataka nikaishike mwenyewe."

Nilimshika mkono nikamwambia pole, Mama. Hakuutoa mkono wake, wala hakuubana kama anavyofanya siku zote. Nadhani amechoka. Presha nimempima, iko sawa. Moyo umetua. Kaka nilimdhania vibaya mno siku hizi mbili tatu. Nitamwomba radhi, lakini si kesho!

Jumamosi, 15 Machi. Makumbusho, benchi la pili

Naandika hapa hapa, goti ndiyo meza. Nisipoandika nitapiga kelele mbele za watu.

Tumefika saa nne. Mama alikuwa amevaa tangu saa kumi na mbili, gauni lile la bluu, la mwisho kushona kabla macho hayajafunga. Hotuba ziko ukumbi wa juu. Huku chini watoto tele, wanasaga, wanatwanga, wanafua nguo zisizo chafu. Ukurasa wangu umejaza watu. Nilijisikia vizuri, Mungu anisamehe.

Nimemwongoza Mama mpaka namba 14. Kibao sikukitazama. Mjinga mimi! Niliamini kimebadilishwa, nikawa namtazama yeye usoni.

Kashika gurudumu. Kashuka na kidole mpaka pale rangi ilipobanduka, kiganja chake kilipokaa miaka thelathini. Hakulia. Kaketi, kaweka mguu, kakanyaga. Mlio ule ule! Nywele zilinisimama. Watu wawili watatu wakageuka, wakatabasamu.

Na Kifungua, mwanangu mwema, anayemsomea bibi yake hata maandishi ya boksi la dawa ya meno, akainama akasoma. Kwa sauti yake ya Alhamisi.

"Njoo karibu, usiogope. Bibi mmoja, ambaye leo ni mwenyekiti..."

Mguu wa Mama ukasimama.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, taratibu kabisa, maneno haya kaandika nani. Nikasema Mama, ngoja nikueleze.

"Sijaomba maelezo. Nani?"

"Mimi, lakini..."

"Basi kaka yako kasema kweli."

Ndipo nilipoambiwa alichoambiwa jana. Kwamba cherehani niliichukua mimi kwa fundi, kimyakimya, nipate cha kuandika gazetini. Kwamba jina la mkwe nililiweka mimi, nijipendekeze kwa wakubwa wa chama. Kwamba Kaka, masikini, amejua juzi tu, na ameona haya kunisemea! Na Mama hakumwamini. Alimwambia toka, binti yangu huyu hawezi. Ile sauti aliyoisikia Kifungua ndiyo hiyo. "Nimekuja leo," anasema, "nikirudi nimwambie kwamba ni mwongo."

Alikuja kunitetea. Na gauni la bluu!

Nimeeleza. Fomu bila majina. Namba tu. Maneno arobaini. Nikawa najisikia mwenyewe ninavyosema, uongo mtupu! Nani ataamini kwamba mtu aliiandika cherehani ya mama yake mzazi, sare na ada na mlio, asiijue? Ningeletewa na mwingine habari hiyo ningemcheka.

Mkono wake ukaenda chini ya meza, ukapapasa, ukamkuta jogoo.

"Mkono wako naujua," amesema. "Tangu huyu."

Sasa hataki nimshike. Nimejaribu mara mbili, kajikunja. Anasema nimpigie kaka yangu aje amchukue. Nimepiga mara tatu mbele yake, hapokei. Najua hapokei kwa nini. Yuko ghorofa moja juu ya vichwa vyetu, tunayasikia makofi. Sijamwambia Mama kwamba yale makofi yana mwanawe ndani. Kifungua analia bila sauti, anauliza kasoma vibaya wapi. Nimemwambia hakukosea hata neno. Kitinda yuko chini ya meza, anamwonyesha mtoto wa watu jogoo.

Makofi yamekwisha. Milango ya juu inafunguliwa.

Wanashuka. Mhifadhi yuko mbele, anaonyesha njia. Nyuma yake Kaka, suti ya harusi yake, mkwewe kamshika mkono, ua kifuani. Wifi na kamera. Hawajatuona, watoto wametuziba. Nisimame?

Mama kainua uso. Kiatu cha Kaka anakijua, kisigino cha kulia hutangulia kugonga. "Huyo, anakuja," amesema, na sauti yake imelainika kwa mara ya kwanza leo. Anajiweka sawa kitambaa cha kichwani. Ananyoosha mkono upande wa ngazi.

"Na ile pale," mkwe anawaambia wageni, kwa sauti ya mikutano, "ndiyo cherehani yangu. Hiyo aliyoikalia yule bibi."

Visigino vya Kaka vimesimama. Mama hajaushusha mkono.