Upara Umeniwahi

Jumatatu, 7 Aprili 2025

Leo nimeamkiwa. Shikamoo kamili, na goti likakunjwa kidogo! Na aliyeniamkia si mtoto wa chekechea. Ni msichana mzima, mrefu, ana mkoba wa kompyuta begani.

Aliingia dukani na shangazi yake kutafuta mapazia. Mimi nilikuwa nimepiga magoti napima kitambaa sakafuni, kofia nimeiweka mezani kwa ajili ya joto. Kwa hiyo kitu cha kwanza alichokiona kwangu ni utosi. Wote! Unang'aa chini ya zile taa za Bosi Yasini, ambazo kila siku anazisifu kwa wateja kwamba zinaonyesha rangi halisi ya kitu. Zinaonyesha kweli.

— Shikamoo, akasema.

Na mimi — ulimi huu! — nikasema marahaba. Tena kwa sauti nzito. Tena nikaongeza: hamjambo nyumbani?

Nina miaka ishirini na sita.

Msichana anaitwa Hafsa. Sikuuliza. Shangazi yake, Bi Muzna, alilitaja jina hilo kila baada ya dakika, maana msichana hakukubaliana na rangi hata moja. Mwisho wakaafikiana ya maziwa. Nitakwenda kwao Chumbageni kufunga.

Nywele zilianza kuniaga nikiwa bado chuoni. Kama wapangaji waliopewa notisi — wa mbele wakatoka kwanza, wa utosini wakafuata, sasa wamebaki wa pembeni, nao nawaona wanafunga mizigo. Bosi Yasini ana miaka hamsini na nane na kichwa kimejaa kama godoro la sufi. Hata hazichani! Mungu anagawa anavyotaka.

Jumatano, 9 Aprili

Mama mdogo amepiga simu kutoka Maramba. Ana dawa. Juisi ya kitunguu maji, habasoda, na mafuta ya nyonyo, upake alfajiri, ufunge kitambaa, uende nayo hivyo hivyo kazini. Jirani yake alipaka, sasa anasuka. (Jirani ni mwanamke. Nimeuliza. Mama mdogo akasema dawa haibagui.)

Nimepaka.

Saa nne mteja wa kwanza akanusa nusa, akauliza kama huko nyuma ya duka tunapika biriani. Wa pili hakuuliza, alitoka. Bosi Yasini akanivuta pembeni na kuniambia, kwa upole kabisa, kwamba mapazia yake yanashika harufu, na kwamba hajapata kuuza pazia la kitunguu.

Nimeoga mara tatu. Nzi mmoja amenisindikiza hadi nyumbani Nguvumali.

Nywele mpya: hakuna. Chunusi: zipo.

Ijumaa, 11 Aprili

Mtihani! Sijui nicheke au nitubu.

Asubuhi nilipitia kwa Anold, kinyozi wangu. Huyu ni Mbondei wa Muheza, tumecheza mpira pamoja, ndiyo maana hana adabu. Akanizungusha kitini, akanitazama kwa nyuma, akasema siku hizi kunilipisha bei kamili anaona ni dhuluma. Kisha akasema: tulia, nitakuchorea.

Akachanganya piko, ile rangi nyeusi ya nywele, kwenye kifuniko cha chupa, akachukua kiburashi, akanichora mstari wa mbele ulionyooka kama umepigwa kwa rula. Pembeni akajazia. Utosini akapigapiga na sponji. Nikatazama kwenye kioo — nikamwona mtu wa kidato cha sita! Nusura nimpe mkono.

Sikuvaa kofia kwenda kuswali Ijumaa. Nichorwe halafu nijifunike?

Sasa. Umeme ukakatika katikati ya hotuba. Mafeni yakasimama. Masika hii, watu tumebanana, jasho lilianza kwenye shingo likapanda juu, sijui lilipandaje. Tukasujudu. Nilipoinuka, mkekani mbele yangu kuna duara jeusi. Nikalifunika kwa goti. Tukasujudu tena, la pili.

Baada ya salamu, mzee mmoja wa Kimanga, Mwarabu, aliyekuwa kando yangu, ndevu nyeupe, kanzu imenyooka, akanipa mkono. Hakuuachia. Alikuwa ananitazama paji la uso. Machozi yanamlengalenga.

— Mashaallah, akasema. Kwa umri wako, na sijida imekutoka namna hii.

Sikumwelewa. Nikasema tuombeane dua.

Nje nikajitazama kwenye kioo cha bodaboda. Katikati ya paji: sijida, doa jeusi la mviringo, zuri kabisa, kama la sheikh aliyeswali tahajudi usiku kucha miaka hamsini. Mstari wa nywele wa Anold haupo. Wote umehamia kwenye uchamungu.

Jumamosi, 12 Aprili

Mama ameiona foronya niliyoilalia. Ile nyeupe aliyoidarizi mwenyewe. Hakugomba. Ameifua, doa halikutoka, akaianika mbele ya nyumba, upande wenye doa umeelekea barabarani, ili mtaa wote usome.

Jumanne, 15 Aprili

Leo Chumbageni. Nimefika na drili, fimbo za mapazia na kofia kichwani. Mlango ukafunguliwa na nani? Yule mzee wa msikitini! Ndiye baba yake Hafsa. Mzee Marhun.

Nikamwamkia. Akaitika kwa furaha, akanishika bega, akamwita dada yake Bi Muzna aje aone. — Ndiye huyu niliyekusimulia! Mtu wa sijida!

Bi Muzna akanitazama kuanzia viatu. Akasema tunajuana, huyu ndiye bwana wa mapazia. Mzee akaniuliza watoto wangapi. Nikasema bado. Akatikisa kichwa kwa huruma. Na mama watoto? Nikasema hayupo. Akasema inna lillahi. Nilitaka kufafanua, lakini alikuwa ameshaanza kumrehemu marehemu mke wangu na mimi nina drili mkononi.

Hafsa alipewa kazi ya kunishikia ngazi. Anafanya kazi za uhasibu kwa kompyuta, hapo hapo nyumbani.  Akauliza kwa heshima: ami, hii kazi ulianza zamani?

Nikasema sana sana miaka mitano. Toka nimalize chuo.

— Kabla ya hapo ulikuwa wapi?

— Shule. Nimemaliza kidato cha sita elfu mbili na kumi na nane.

Ngazi ikatikisika. Nikatazama chini. Amenikodolea macho.

— Mimi nimemaliza kumi na tisa!

— Ndiyo.

— Kwa hiyo umenipita mwaka mmoja!

— Ndiyo.

— Na shikamoo yangu uliipokea!

— Ilikuja kwa bahati mbaya.

Akacheka hadi akaiachia ngazi. Skrubu zikaanguka. Alipopata pumzi akaniambia, macho makavu kabisa: nirudishie.

— Nikurudishie nini?

— Shikamoo yangu. Nirudishie sasa hivi.

Basi mimi Nasri, fundi, juu ya ngazi, kwenye nyumba ya watu, nikasema: shikamoo, Hafsa. Naye akajibu: marahaba, mwanangu, hujambo?

Baadaye, vumbi la ukuta limenijaa usoni, jasho linachuruzika, akaniambia niivue hiyo kofia nitakufa bure. Ulichokificha nilishakiona Jumatatu, akasema. Sikuivua. Lakini nimerudi nyumbani kwa miguu kutoka Chumbageni na sikumbuki nilipita barabara gani.

Alhamisi, 17 Aprili

Ujumbe kwenye simu. Namba ngeni.

"Fundi, pazia la chumba cha wageni limeanguka."

Nikamjibu haliwezi kuanguka, nimelifunga kwa skrubu nne.

"Basi litaanguka kesho."

Nimeusoma huo ujumbe nikiwa kazini, nikamkatia mteja mita saba badala ya sita.

Ijumaa, 18 Aprili

Leo Ijumaa Kuu, mji umepoa, lakini Bosi Yasini hafungi. Karibu na adhuhuri akaniita. Mzee Marhun amempigia simu. Ameuliza habari zangu: naswali, nakunywa, nina deni, nina mke mafichoni? Bosi amenisifu. (Kitunguu hakukitaja. Mungu amlipe.)

Ninatakiwa Jumapili baada ya alasiri. Nije na mzazi. Kuna jambo la heri.

JAMBO LA HERI!

Nikamwandikia Hafsa: baba yako ananiita. Akajibu: najua, wananong'onezana toka juzi, mimi nikiingia wananyamaza. Nikamuuliza unadhani ni nini.  Akaandika: vaa kanzu.

Furaha inanipanda, halafu naikumbuka sijida. Mzee ananipendea doa. Nikimwambia ukweli, jambo la heri linakufa. Nisipomwambia, itabidi nichorwe na Anold kila Ijumaa mpaka siku ya kufa kwangu, na hata siku hiyo waosha maiti watashangaa maji meusi.

Jumamosi, 19 Aprili

Nilimweleza Mama asubuhi, anachambua mchele. Nikamwambia nimeitwa, nahisi ni habari ya binti. Nikamwambia pia kwamba naona aibu. Kichwa hiki. Wamanga wale, wanaume wao wote wana nywele za kumwaga.

Akaacha mchele.

— Weye, akasema, unadhani umekiokota wapi?

Baba alifariki nikiwa na miaka minne. Picha zake zote amevaa kofia. Sikuwahi kuuliza kuna nini chini yake, nani anauliza? Mama anasema alipomposa alikuwa na miaka ishirini na nne na kichwa kitupu kama yai. Dada zake Mama walimcheka, wakamwambia utaolewa na boga. Mama naye siku ya kwanza alicheka, hakuficha, na Baba akaivua kofia ili acheke vizuri.

— Hapo ndipo nikamtaka, Mama akasema. Wenye nywele wote walikuja wamenuna.

Akaendelea kuchambua mchele. Alikuwa anauchambua vibaya, mchele anautupa, chuya anaziweka. Nikamchukulia ungo. Nikamwuliza tena mambo mengine ya Baba. Tumekaa hapo hadi adhuhuri. Miaka yote hii sikujua kwamba alikuwa hawezi kupiga mluzi.

Jumapili, 20 Aprili

Naandika kwenye simu. Niko chooni kwa Mzee Marhun.

Nitaeleza haraka.

Anold amefunga saluni, Pasaka, yuko kwao Muheza. Kwa hiyo nimekuja nilivyo. Kanzu, kofia, Mama na baibui lake jipya. Tukakaribishwa. Sambusa, visheti, chai ya iliki. Hafsa akaleta sinia, akatoka, hakwenda mbali, niliona upindo wa nguo yake pale penye pazia langu. Bi Muzna akaingia, akakaa mbele yangu, amejitanda shela ya zambarau. Nikaona si vibaya, shangazi lazima awepo.

Mzee akaanza. Akasema maisha ya upweke ni mazito. Kwamba mtu aliyefiwa anamjua aliyefiwa. Kwamba dada yake ana mwaka wa sita tangu afiwe na mume, na yeye kama kaka anamtafutia mtu mtulivu, mzima wa akili, mwenye hofu ya Mungu.

Dada yake.

DADA YAKE!

Sambusa ilikuwa imeshaingia mdomoni. Sikuweza kuimeza wala kuitoa.

Mama akauliza kwa adabu: samahani kaka yangu, aliyefiwa ni nani? Mzee akaninyooshea mkono: huyu. Mama akasema huyu hajapata hata kuchumbia, afiwe na nini? Mzee akasema basi hata hivyo, ni mtu wa ibada, dada, hiyo sijida ya mwanao nimeiona kwa macho yangu.

— Sijida gani? Mama akasema. Ile piko iliyoniharibia foronya?

Mzee akakiweka kijiko chake chini. 

Nikaimeza ile sambusa nzima nzima. Nikasema: mzee, nisamehe. Nilichorwa nywele kwa kinyozi, jasho likazishusha. Nilipaswa kukwambia pale pale. Nina miaka ishirini na sita.

Bi Muzna ndiye aliyeanza. Kicheko kilimtoka puani. Kisha akajifunika shela uso mzima, mabega yanatikisika. Akasema: kaka, miye nilishakwambia sitaki mume. Na kama ningemtaka, nisingemtaka wa kumpeleka shule!

Mama naye akaanguka juu ya bega lake. Hawajuani hata nusu saa, wanashikana kama pacha. Mzee hakucheka. Alikuwa ananitazama. Nikaomba kuonyeshwa choo.

Nilipoinama kunawa uso kofia ikadondoka kwenye ndoo ya maji. Imelowa yote. Haivaliki. Nimejitazama kwenye kioo chao, kichwa hiki chenyewe, na nikajaribu kupiga mluzi kidogo. Mimi naweza.

Mlango umegongwa.

— Nasri. Umelala humo?

Hafsa.

Nikauliza wanasemaje huko. Akasema shangazi amekukataa rasmi. Mama yako anaandikiwa namna ya kupika visheti.

— Na mzee? Amekasirika?

— Mwanzo alikasirika. Sasa ameuliza ni nani aliyekushikia ngazi siku ile.

— Mkamwambia nani?

— Shangazi ameninyooshea kidole. Baba ananiangalia mimi.

  Nikamwuliza, kwa sauti ndogo, maana kuta hizi ni nyembamba: na wewe unasemaje?

— Mimi bado hakuna aliyeniuliza.

Hajaondoka. Naviona vidole vya miguu yake chini ya mlango. Sebuleni Mzee anakohoa, sasa analiita jina langu, langu kamili, Nasri bin Jumbe, la baba yangu ndani yake.

Kofia inachuruzika maji mkononi. Naiacha hapa kwenye ndoo, nafungua komeo nitoke kichwa wazi.