Kanzu Isiyo na Mfuko

Troyeville, Johannesburg
Jumatatu ya Pasaka

Mama yangu mpenzi,

Barua hii ikukute umekaa, tena umeshakula, maana ukiwa na njaa husikii la mtu. Goti linaendeleaje? Na baba mdogo bado anagombana na jirani juu ya ule mpaka wa migomba? Mimi ni mzima, cherehani yangu ni nzima, baridi ya huku ndiyo inaanza kuuma.

Ningekupigia simu, lakini wewe huweka spika ukoo mzima usikie, na habari hii nataka uisome kwanza peke yako. Barua nampa Mama Arlène, anayesafiri kesho kuja Butembo.

Nilikuambia kanisa letu lingeigiza kukamatwa kwa Yesu na hukumu yake siku ya Ijumaa Kuu, tena barabarani. Pasta alitaka mji uone. Mji uliona, mama.

Yesu alikuwa Évariste, yule Mshi wa Bukavu anayelinda duka la viatu kule Randburg. Alichaguliwa kwa ndevu, si kwa utakatifu. Askari wa Kirumi walikuwa walinzi wenzake, kwa sababu buti na virungu walikuwa navyo tayari. Papa Emery, shemasi wetu, alikuwa Petro. Zephania, Mtanzania, alipewa Pilato kwa kuwa Kiswahili chake ni cha kiserikali. Mimi nilikuwa yule kijakazi anayemuumbua Petro, na juu ya hapo fundi wa nguo zote.

Sasa nikueleze jambo moja. Huku hatutembei bila karatasi ya ukimbizi. Mtu huenda nayo dukani, saluni, hata chooni. Mama Célestine huiweka kwenye sidiria, na siku alipobatizwa ilizama pamoja naye. Kwa hiyo Évariste alipokuja kupimwa aliniomba mfuko, mdogo tu, wa ndani. Nikakataa. Nilimwambia kanzu ya Yesu ilifumwa nzima, haikuwa na mshono, sembuse mfuko. Akasema Yesu hakuishi Johannesburg. Nikamwambia ashushe mikono nimalize kazi.

Ijumaa tulianza vizuri. Yuda alibusu, askari wakamrukia Évariste, wakamfunga kamba, wakamburuta kwa kelele hadi kwenye roboti, ndivyo huku wanavyoita taa za barabarani. Gari la polisi lilikuwa pale likingoja taa ya kijani. Wakaona watu wenye buti wakimvuta mtu mwenye damu usoni (ilikuwa sosi ya nyanya), wakadhani tumeshika mwizi na tunataka kumchoma moto. Huku hayo hutokea. Wakaruka chini, wakamtoa mikononi mwetu, na baadhi ya akina mama wakapiga vigelegele, maana walikuwa wameshaanza kumhurumia. Ndipo polisi wakamwomba karatasi.

Walikuja kumwokoa, mama, wakamkamata. Askari wote wa Kaisari walikuwa na karatasi mfukoni. Aliyekosa ni Yesu peke yake. Ya kwake ilikuwa kwenye suruali, chumba cha nyuma cha kanisa.

Tulieleza wote kwa pamoja, kwa Kiswahili, Kifaransa na Kizulu cha sokoni, kwa hiyo hakuna kilichosikika. Polisi mmoja akamgeukia Papa Emery aliyekuwa karibu, akamuuliza kama anamjua mtu huyu. Akasema hamjui. Akaulizwa tena, akasema hamjui kabisa. Tulidhani bado anaigiza, mpaka tulipoona jasho. Usimcheke. Karatasi yake mwenyewe ilikuwa imekwisha muda. Jogoo tuliyemleta kwenye boksi hakuwika. Teksi ya nyuma ndiyo iliyopiga honi, na Papa Emery akakaa kwenye ukingo wa barabara akalia kama mtoto.

Anayefungwa Ijumaa Kuu hukaa ndani sikukuu yote, na wengine hutokea uwanja wa ndege kurudishwa kwao. Nilikimbia kanisani, nikachukua suruali, nikakimbia nayo hadi kituoni. Zephania alikuwa ameshafika na shuka lake la zambarau, anabishana kaunta kwa kile Kiswahili cha kiserikali, ambacho hakikumsaidia. Nyuma yake, akina mama wa kanisa wamejaa kwenye benchi.

Sajini alikuwa mama wa Kizulu mwenye miwani. Akaitazama suruali, akanitazama mimi. Akasema, “Eish, dada, unatembea mjini na suruali ya mwanamume. Wewe ni nani wake?”

Nikasema ni mume wangu.

Benchi lote likageuka kunitazama. Évariste akaletwa, taji la miba limemwangukia sikioni. Sajini akamuuliza kama ananijua. Akanitazama kwa muda mrefu, mama, kuliko ulivyohitajika. Akasema, “Namjua. Ndiye aliyekataa kunishonea mfuko.”

Sajini akacheka mpaka akavua miwani. Akasema manung'uniko ya namna hiyo huyasikia kwa waume tu. Akasoma karatasi, akagonga meza, tukatoka.

Mlangoni tulimkuta Papa Emery, na karatasi yake iliyokwisha muda mkononi. Alikuja kusema anamjua. Évariste akamkumbatia, tukarudi wote kumalizia hukumu. Lakini Pasta aliposema umati upaze sauti asulubiwe, hakuna aliyeweza. Zephania akanawa mikono kimya kimya, machozi yakidondoka kwenye beseni.

Sasa, mama, ungamo langu. Hakuwa mume wangu. Na kanzu ile nilimpima mara tatu, wakati fundi kama mimi hupima mara moja. Jioni alinisindikiza, akaniuliza kama nilimdanganya polisi. Nikasema ndiyo. Akasema kusema uongo Ijumaa Kuu ni vibaya sana, heri tuufanye uwe kweli.

Wajomba zake watakuja kwako kutoka Bukavu. Najua unavyowasema Washi. Watazungumza mahari ya ng'ombe, nanyi mtawaambia kwetu ni mbuzi, na mtakesha. Wape chai. Wakikuuliza kama unamjua Masika, tafadhali usinikane.

Nisalimie nyumba nzima, hata yule jirani wa migomba. Suti ya Évariste nimeshaikata. Ina mifuko kila mahali, mama, hata mgongoni.

Ni mimi binti yako akupendaye,
Masika